"Mwalimu, mwanamume nafasi yake iko wapi?"

Nafundisha Fasihi ya Kiswahili kidato cha tano na sita hapa Tanga, mwaka wa 14 sasa. Kila Julai wavulana waliopangiwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) huingia darasani kama abiria waliopanda basi lisilo lao.

Sababu moja inajulikana. Aliyepata PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) huonekana ana kichwa. Wa HKL wajomba humuuliza atakula nini. Ufadhili wa masomo ya chuo kikuu wa Rais Samia, ulipoanza 2022, uliwalenga waliofanya vizuri masomo ya sayansi. Nchi inahitaji wahandisi, sikatai. Lakini msichana akisomea ualimu wa lugha, nyumbani wanaridhika. Mvulana anapigiwa hesabu ya mahari na kiwanja.

Sababu nyingine iko mikononi mwetu walimu, na ndiyo inayoniumiza. Tukichambua kitabu, dhamira zikiisha tunaingia kipengele ambacho kila mwanafunzi anakijua: nafasi ya mwanamke katika jamii. Mwanamke kama mlezi, kama jasiri, kama chombo cha starehe. Wanakariri, maksi zinapatikana. Mwanamume anajitokeza humo kama mlevi, mpiga mke, mla rushwa, basi. Muhula uliopita kijana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, mwanamume nafasi yake iko wapi?" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Nikasimama na chaki mkononi, nikijua kwamba miaka yote hiyo sijawahi kukiandika kipengele hicho ubaoni.

Mada ya mwanamke ibaki, tena ifundishwe kwa kina kuliko tunavyofanya. Ila huyo mlevi naye tumsome: anaogopa nini, nani alimfundisha kunyamaza, kwa nini mshahara unaishia kilabuni. Mvulana aliyelelewa na baba wa namna hiyo anayo mengi ya kusema, na hajawahi kuulizwa.

Siku hizi nafungua mwaka na mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), aliyewatetea Wamazrui, watawala wa mji huo, dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na kulumbana na washairi wa Lamu, ubeti kwa ubeti. Naeleza pia kwamba mshairi Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Kisha nawagawa makundi mawili walumbane: hoja moja, vina na mizani lazima.

Yule wa dawati la nyuma alimjibu msichana mmoja kwa beti nne kuhusu baba asiyerudi nyumbani. Ubeti wa tatu vina viligoma. Wenzake walipokwenda kunywa uji, yeye alibaki akifuta na kuandika upya.