Moyo kwenda mbio si kadio

Nimeisikia tena wiki hii: "Leo nimepiga planki mpaka moyo ukanienda mbio, kadio nimeshamaliza." Planki ni kule kujinyoosha kifudifudi ukijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu bila kusogea; kadio ni mazoezi ya moyo na pumzi. Anayesema hivyo hasemi uongo. Moyo ulimwenda mbio kweli. Ila moyo huenda mbio pia ukipapasa mfuko ukakuta simu haimo, na sijaona mtu akihesabu hofu kuwa mazoezi.

Planki ni zoezi la kiwiliwili, na maana yake ni fupi. Mazoezi ya kiwiliwili ni yale yanayoimarisha misuli inayoshikilia sehemu ya kati ya mwili: ya tumbo kwa mbele, ya ubavuni, ile ya ndani inayozunguka kiuno kama mshipi, ile inayoambaa na uti wa mgongo, sakafu ya nyonga kwa chini na kiwambo, msuli wa kupumulia, kwa juu. Kwa hiyo kuyaita "mazoezi ya tumbo" ni kutaja ukuta mmoja ukasahau nyumba. Wala hayachagui mafuta ya tumbo yakayachoma.

Sasa kadio. Asili yake ni neno la Kigiriki la moyo, na hapo ndipo watu wanapoteleza: wanadhani chochote kinachoushtua moyo kinahesabika. Mimi hurudi kwenye neno letu wenyewe. Zoezi linatokana na kuzoea. Ukiniambia umeufanyisha moyo mazoezi, nitakuuliza: umeuzoesha nini?

Ukitembea kwa kasi, ukikimbia au kuogelea, misuli mikubwa hukaza na kulegea kwa zamu. Inadai damu nyingi, na kila inapokaza inaikamua damu iliyo kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ipande juu. Moyo unapokea mzigo mkubwa wa damu, unatanuka, unausukuma wote. Baada ya miezi ya kazi hiyo, kila pigo hutoa damu zaidi kuliko zamani, na ukiwa umepumzika mapigo hupungua. Moyo umezoea wingi.

Kwenye planki misuli inakaza na haijiachii. Mishipa ya damu iliyopita ndani yake inabanwa, kwa hiyo presha inapanda, ya juu na ya chini pia. Moyo unapiga haraka, lakini unachopambana nacho ni ukinzani zaidi kuliko wingi wa damu. Saa haitakuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu saa inahesabu mapigo tu.

Halafu kuna pumzi, na hapa ndipo kiwiliwili na moyo vinapokutana kweli. Kiwambo kimeitwa hivyo kwa kuwa kimewambwa, kama ngozi ya ngoma, kati ya kifua na tumbo. Moyo umekaa juu yake. Utando unaoufunika umeshikana nacho. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka, kifua kinapata nafasi na damu inavutwa kurudi moyoni. Ukibana pumzi na kujikamua, kama wengi wanavyofanya sekunde za mwisho za planki, presha ndani ya kifua inapanda, damu inayorudi moyoni inapungua, na ukijiachia ghafla unaweza kuona kizunguzungu. Madaktari wanakuita kujikamua huko kwa jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia Mwitaliano aliyefariki mwaka 1723. Cha kuchekesha, yeye alikuwa akishughulika na sikio.

Nisiwaonee watu wa planki. Mwaka 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270, na mazoezi ya kukaza bila kusogea ndiyo yaliyoongoza kwa kushusha presha ya mtu akiwa amepumzika: takriban milimita 8 za zebaki kwa namba ya juu na 4 kwa ya chini, zaidi ya kadio kwa jumla. Lakini kinara wa namba ya juu alikuwa kuchuchumaa ukiegemea ukuta, kazi ya mapaja. Na kushusha presha ni faida moja. Kuwa na pumzi ya kupanda ngazi ghorofa nne ni nyingine. Mwenye presha isiyodhibitiwa amwone daktari kabla ya kuanza kujikaza.

Hata Shirika la Afya Duniani linahesabu kadio na nguvu kila moja kivyake: angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kando yake siku mbili au zaidi za mazoezi ya nguvu. Kwa hiyo rafiki yangu wa planki simwambii kazi yake ni bure, mgongo wake unamshukuru. Namwomba tu aiandike kwenye safu ya nguvu, apumue wakati anaifanya, kisha avae viatu, maana kadio ya leo bado.