Mpe tu dawa ya usingizi, Dokta

Wiki hii wamekuja watatu: mke, binti na kaka mtu, kila mmoja kamleta mstaafu wake wa jeshi. Wote ombi moja: "Dokta, mpe tu dawa ya usingizi. Akilala atakuwa sawa."

Hatakuwa sawa. Naandika hapa kwa sababu kliniki, foleni ikishafika mlangoni, najibu kwa ukali na watu wanaondoka na manung'uniko.

Mzee aliyeingia Uganda vitani mwaka 1979 akiwa kijana, leo yuko Mbagala na wajukuu (nimechanganya watu kadhaa, msimtafute), hakosi usingizi kama wewe unayewaza ada ya shule. Anaukwepa. Akisinzia tu, yuko vitani. Kwa hiyo anakesha barazani, anakagua komeo mara tatu, anakaa akitazama geti. Mkewe humwamsha kwa kumwita kutoka mlangoni. Akimgusa bega atapigwa. Nyumbani wanasema ni ukorofi wa uzee. Mimi nasema ni kiwewe, jeraha la akili lililoachwa na vita.

Sasa mpe diazepamu, hiyo dawa ya usingizi mnayoiomba. Umemlaza kwa nguvu palepale anapopakimbia. Wiki ya kwanza familia inanishukuru. Baadaye kidonge kimoja hakimtoshi, anameza vitatu, na akishushia na gongo anaweza kuacha kupumua. Au anaamka kwenda chooni, anapepesuka, anavunja nyonga. Kiwewe hakijaguswa.

Setralini, dawa ya sonona inayotumika pia kutibu kiwewe, huwasaidia baadhi, ila huchukua wiki kadhaa, na familia hazina hamu na kidonge kisichomwangusha mtu usiku uleule.

"Mbona miaka yote alikuwa mzima?" Alikuwa na zamu, gwaride na wenzake. Kiinua mgongo kimeisha, nyumba imetulia, mambo yamerudi. Tena tusikosee: mabomu ya ghala la jeshi Mbagala yalipolipuka Aprili 2009, alikuwa ameshamsukumia mkewe chini ya kitanda wakati majirani bado wanaulizana kuna nini. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu mtaani. Aliponisimulia tulicheka wote.

Kwa jinamizi naandika prazosini, ambayo kwa asili ni dawa ya kushusha presha, kwa hiyo naiangalia presha yake. Mwaka 2018 utafiti mkubwa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani haukuona kama inashinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Bado naiandika. Wapo wanaoapa kwamba inawasaidia, nami huwaza kama ni prazosini kweli, au ni kule kuulizwa kila mwezi, "Afande, safari hii umeota nini?"