Sumu ya vita haifi kwa kuzikwa

Wengi huamini kwamba silaha ya kemikali ikikaa ardhini miaka mingi, sumu yake huisha yenyewe. Sivyo.

Tazama kaskazini mashariki mwa China, ambako jeshi la Japani liliacha makombora na mapipa ya sumu liliposhindwa vita mwaka 1945. Agosti 2003, mjini Qiqihar, wajenzi walifukua mapipa 5. Miaka 58 ilikuwa imepita, lakini mtu mmoja alifariki na zaidi ya 40 wakaumia.

Ndani ya mapipa hayo mlikuwa na ile iitwayo gesi ya haradali. Jina lenyewe linapotosha, maana ni kimiminika kizito kama mafuta, na kwenye baridi ya chini ya nyuzi 14 hivi huganda. Haiyeyuki vizuri majini. Ikilowana hujifanyia utando unaokinga sumu iliyobaki ndani. Lewisaiti, sumu nyingine iliyoachwa huko, ina aseniki, elementi yenye sumu, na aseniki hata uichome haitoweki.

Kwa hiyo kazi huenda polepole. Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kutumika 1997, unaitwisha Japani gharama. Huko Haerbaling, mkoani Jilin, tangu 2014 makombora yenye kutu huteketezwa ndani ya vyumba vya chuma vilivyofungwa.