Ameanguka, anapiga kelele: ni mapepo, ni histeria, au ni malaria?

Histeria ni nini hasa?
Ni jina la zamani. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-III, uliliacha mwaka 1980. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022, inaiweka hali hii kwenye kundi la matatizo ya disosiesheni, yaani akili na mwili kukosa mawasiliano ya kawaida. Mtu anaanguka, anatetemeka, anapoteza sauti au mguu unakosa nguvu, ilhali ubongo na neva havina jeraha.

Kwa hiyo anaigiza?
Hapana. Anayeigiza anajua anachofanya. Huyu hawezi kujizuia, na makofi hayamsaidii.

Binti yangu ameanguka bwenini. Nianze na maombi?
Hospitali kwanza. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka na kifafa vyote vinaweza kumfanya mtu aanguke na kuweweseka. Kipimo cha malaria cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, cha sukari ndani ya sekunde chache. Badala yake tunaletewa mtoto siku ya tatu, joto 40, kitunguu saumu bado kimo puani na macho yamevimba kwa moshi. Jamani!

Na kama kweli ni mapepo?
Akishapimwa na kutibiwa, mwiteni mchungaji au shehe mnayemtaka. Hospitali kwanza.

Wameanguka wengi darasa moja. Inaambukiza?
Kinachosambaa ni hofu. Kashasha, karibu na Bukoba, Januari 1962, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hatimaye wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa. Uchunguzi haukukuta sumu wala kimelea. Watenganisheni, ondoeni watazamaji, na simu za kurekodi zirudi mifukoni. Lakini kila aliyeanguka apimwe, hata wa kumi.

Tumpe huduma gani njiani?
Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika 5, ni dharura.

Vipimo vyote safi. Basi hana kitu?
Anacho. Aende kliniki ya afya ya akili, azungumze na mtaalamu faraghani, maana mara nyingi kuna jambo nyumbani au shuleni ambalo hawezi kulisema mbele yenu. Kama alishaanzishiwa dawa za kifafa, msimwachishe wenyewe: mtu mmoja anaweza kuwa na kifafa na hali hii kwa pamoja.