Peptidi za mashanza na kopo la mama wa Kadutu

Juzi mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, aliniletea kopo la poda ya kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama) aliyouziwa kwa bei ya kuumiza. "Muganga, ni kweli hizi peptidi zinaponya tumbo?" Mimi si muganga, yaani daktari, ni mtu wa biokemia ya chakula, lakini hapa Bukavu ukivaa bluzi nyeupe ya maabara jina hilo hulikwepi. Nikamuuliza asubuhi alikula nini. Mashanza, yaani maziwa yaliyoganda. Basi mama, nikamwambia, peptidi umeshazila.

Peptidi ni kipande cha protini: asidi amino chache zilizoshikana kama shanga kwenye uzi. Ukila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, pepsini ya tumboni inaanza kukata uzi, tripsini ya kongosho inaendelea, na utumbo mwembamba una mlango wake wa kupitisha vipande vya shanga mbili au tatu bila kungoja zitenganishwe. Kwenye maziwa yaliyoganda ukataji huanza kabla hujameza, maana bakteria wanaoyachachusha hujilisha kwa kukata kazeini, protini ya maziwa. Mmoja wa jamii yao, Lactobacillus helveticus, huacha peptidi mbili zinazozuia kimeng'enya kinachopandisha presha, kilekile kinachozuiwa na dawa ya kaptoprili. Zinashusha presha kidogo tu. Mwenye vidonge vyake asiviache kwa ajili ya bakuli.

Lakini si protini yote inayofyonzwa. Gramu kadhaa kila siku huteremka hadi utumbo mpana, na huko ndiko mambo yalipo. Bakteria wa huko wakipata nyuzinyuzi, za maharagi au sombe (majani ya muhogo), huzichachusha na kutoa butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo huila; peptidi wanazitumia kujenga miili yao wenyewe. Nyuzinyuzi zikikosekana, wanazichoma peptidi hizohizo ili wapate nguvu, na mabaki yake ni amonia na ile gesi yenye harufu ya yai viza. Amonia na gesi hiyo vikizidi, ukuta unaudhika. Ndiyo maana mimi siulizi peptidi gani ni nzuri, nauliza ilikuja sahanini na nani. (Na maharagi yaive, jamani. Najua makala, makaa ya kupikia, ni ghali, lakini yakiwa mabichi-mabichi yana kitu kinachoizuia tripsini, na protini inashuka chini haijakatwa.)

Sisi wa Kivu tuna jambo jingine la kutufanya tufikiri: bwaki, ule utapiamlo unaomvimbisha mtoto (kwashiorkor). Tulifundishwa kwamba mtoto amekosa protini, basi. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Malawi uliofuatilia jozi 317 za mapacha mpaka umri wa miaka 3. Katika jozi 43 kwa kila 100 mmoja alidhoofika na mwenzake akabaki mzima, na wote wanakula chungu kimoja! Watafiti wakachukua kinyesi cha baadhi ya mapacha hao, wakawapandikizia panya waliozaliwa bila bakteria yoyote. Panya waliopata bakteria wa mtoto mgonjwa, wakilishwa chakula cha kule kijijini, walikonda vibaya. Wakipewa ile karanga ya pakiti ya hospitalini, wanayopewa watoto wenye utapiamlo, bakteria wao walibadilika. Wakirudishwa kwenye chakula cha zamani, mabadiliko hayakudumu. Kwa hiyo mtoto anaporudi nyumbani kwenye bugali ya muhogo peke yake, mimi siwezi kumlaumu mama yake kwamba hakufuata mashauri.

Tukarudi kwenye kopo. Nilimweleza kwamba kolajeni haina triptofani hata chembe. Hiyo ni asidi amino ambayo bakteria wa utumbo huigeuza kuwa indoli, na baadhi ya indoli husaidia ukuta wa utumbo kukaza maungio ya seli zake. Sambaza anayo, maziwa yanayo, maharagi yanayo.

Mama akacheka, akafunga kopo, kisha akaniuliza kama mimi sitaki kulinunua.