Usiniambie niongeze asidi

Wiki hii nimeambiwa tena. Geti limetoka kwenye zinki ya moto, ile tunayochovyea chuma kisishike kutu, likiwa na mabaka meusi ambayo zinki haikushika, mwenye geti akayatazama kidogo, kisha akatoa dawa: "Bosi, ongezeni asidi, hii yenu imeshakuwa maji." Siku moja kabla yake msimamizi wa zamu, mtu wa kazi kabisa, alikuwa amesema hilohilo. Naandika ili safari nyingine nimtumie mtu kiungo badala ya kubishana naye kando ya tangi.

Asidi tunayooshea chuma kabla ya kukichovya ni haidrokloriki. Inakuja ikiwa na nguvu ya asilimia 32 au 33, nasi tunaishusha kwa maji hadi 14 au 15. Maji yanatangulia, asidi inafuata. Hilo halina mjadala. Wala usiichanganye na Jik au dawa yoyote ya kung'arisha yenye klorini, kwa sababu utakachopata ni gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Kazi ya asidi tangini ni kuyeyusha kutu na lile gamba jeusi ambalo chuma hutoka nalo kiwandani. Vyote viwili ni oksidi za chuma. Haitoi rangi, haitoi grisi, haitoi gamba la kioo linaloachwa na fimbo ya welding. Baka likifuata kiungio cha welding, aliyechomelea hakugonga gamba lake kwa nyundo. Baka likiwa na umbo la kiganja au la mwandiko, hapo palikuwa na mafuta au rangi ya kuandikia vipimo. Mafuta hutolewa na kostiki soda ya moto, nyuzi 60 hadi 80, kabla chuma hakijaiona asidi. Rangi ngumu husagwa au hupigwa mchanga. Geti lile ningeweza kulilaza usiku kucha kwenye asidi ya asilimia 33, na baka lingebaki palepale huku chuma safi kilicho pembeni yake kikiliwa.

Sasa hili la "imekuwa maji". Ushahidi wake huwa haidromita, kile kifaa cha kuelea kinachopima uzito wa kimiminika. Mtu anaitumbukiza tangini, inaelea juu, anasema asidi ni kali. Ikizama, anasema imechoka. Kwenye dumu jipya kipimo hicho ni halali, kwa kuwa mle hamna kitu ila asidi na maji. Kwenye tangi linalofanya kazi kinadanganya, na kinadanganya kinyumenyume. Asidi mpya ya asilimia 15 ina uzito wa takriban 1.07 ukilinganisha na maji. Kila tani ya chuma inayopita inaacha kloridi ya chuma humo ndani, nayo ni nzito. Asidi inapungua, uzito unapanda. Tangi lililokufa kabisa linaweza kusoma 1.25 na zaidi, haidromita ikaelea juu kwa madaha, na mtu akaondoka ameridhika. Ndiyo maana nataka vipimo viwili kila mara: asidi kwa titresheni (unadondoshea sampuli dawa ya kuizima asidi mpaka rangi igeuke), kisha chuma kilichoyeyuka, ambacho unaweza kukikadiria kwa kuoanisha uzito na asidi uliyoipata. Kimoja bila kingine hakikwambii chochote.

Titresheni yenyewe si safi kama inavyoonekana kwenye daftari la shule. Sehemu ya chuma kilichoyeyuka, ile ya aina ya Fe³⁺, huanza kuganda kabla metili oranji, rangi ya kuonyesha mwisho wa kipimo, haijageuka, chupa inajaa tope la kahawia, na wapimaji wawili wa sampuli moja wanaweza kutofautiana vizuri tu. Nimezoea kuichukulia namba hiyo kama makadirio.

Tuseme vipimo vimeonyesha asidi asilimia 6 na chuma gramu 120 kwa lita. Hapa ndipo kila mtu anataka kumimina dumu. Tatizo ni kwamba kadiri asidi inavyozidi, ndivyo kloridi ya chuma inavyokosa nafasi ya kuyeyuka. Ukimimina asidi kali kwenye tangi lililoshiba chuma, unaisukuma kloridi ielekee kuganda. Fuwele za kijani zinakaa chini na kwenye uso wa chuma chenyewe, na uoshaji unapungua kasi baada ya wewe kutoa pesa. Tangi la namna hiyo halikukosa asidi, limelemewa na chuma. Dawa yake ni kumwaga sehemu kwenye mapipa ya taka na kujaza upya.

Lakini usimwage lote. Chuma kidogo kinasaidia: asidi mpya isiyo na chuma hata chembe huosha polepole kuliko ile iliyobakiziwa kiasi cha tangi la zamani. Kuna michoro inayoonyesha, kwa kila kiasi cha chuma, asidi ngapi inaosha haraka zaidi. Naiheshimu, ila mingi imechorwa kwa nyuzi 20, na tangi langu Dar es Salaam mwezi wa pili mchana halijawahi kuzijua nyuzi 20. Joto huongeza kasi na huongeza nafasi ya kloridi kuyeyuka, kwa hiyo mistari yote inasogea. Mwishowe natoa kipande, nakisuuza, nakitazama juani. Kipimo hicho nakiamini kuliko mchoro.

Na mvuke? Watu hudhani harufu kali ni dalili ya asidi nzuri. Hapo nakosa subira kabisa, maana mapafu yanayozungumziwa ni ya vijana wangu. Kwa asilimia 15 mvuke wa asidi ni mdogo. Ukitoka asilimia 20 kwenda 30, kwa joto lilelile, unapanda makumi ya mara. Uingereza gesi hii ilitoka kwenye viwanda vya magadi ikakausha miti na mazao mpaka sheria ya 1863 ikavilazimisha viwanda kunasa asilimia 95 yake. Kwetu inakula kwanza nyaya za kreni zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Jambo la mwisho, kwa wanaoleta boliti. Gamba likiisha, asidi inahamia kwenye chuma na kutoa haidrojeni, na sehemu ya haidrojeni hiyo inaingia ndani, ikakifanya chuma kigumu kiwe chepesi kupasuka. Kizuizi tunachotia tangini hupunguza kuliwa kwa chuma. Kama kinazuia haidrojeni kuingia kwa kiwango hichohicho, hilo silitegemei hata lebo ikisema nini. Nondo na mihimili ya kawaida haidhuriki. Boliti za daraja la 10.9 (namba ya nguvu ya boliti; ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi) naziosha kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, au nazipiga mchanga. Za 12.9 nazirudisha kwa mwenyewe zikiwa kavu, kwa sababu boliti ya namna hiyo inaweza kukazwa leo ikapasuka keshokutwa bila mtu kuigusa.