Waskoti wa Zama za Kati hawakujipaka buluu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wapenda gemu: eti Waskoti wa Zama za Kati walipigana vifua wazi, wamejipaka buluu, kama wale Wakelti (watu wa kale wa Ulaya) wa gemu ya vita ya Age of Empires II. Sivyo. Habari za rangi hiyo ziliandikwa na Warumi kuhusu Wabritoni, wenyeji wa kale wa Britania, karne ya kwanza kabla ya Kristo. Ukitaka kuhakiki, isome sheria ya silaha ya Uskoti ya mwaka 1318: mwenye mali ya pauni 10 alitakiwa awe na koti nene la vita, kofia ya chuma, glavu za chuma na mkuki. Gemu huunganisha karne nyingi chini ya jina moja la Wakelti, ndipo watu wanapochanganyikiwa. Gemu ni nzuri, ichezeni. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.